Mzee alikuja juu ya robine zake

Hakimu alipomaliza kusoma hukumu ya kwenda Kasapa, gereza letu la Lubumbashi, kijana hakulia, mama yake pia hakulia. Aliyeinuka ni mzee aliyeibiwa robine, bomba zake za maji. Akanyoosha mkono, grefie, karani wa mahakama, akamwonyesha akae, yeye akabaki amesimama vilevile, akasema kwa sauti ya mtu aliyengoja tangu asubuhi: "Bwana juji, mi nilikuya hapa juu ya marobine yangu. Uyu mutoto akienda kulala Kasapa, marobine nitalipwa na nani?"

Hakuna aliyemjibu.

Sio kwamba walimdharau. Sala, chumba cha kesi, ilikuwa imejaa, dosye nyingine ilishaitwa, mtu mwingine alishasimama mbele, na mzee akabaki pale katikati kidogo alafu akachukua kofia yake akatoka. Mi nilikuwa nyuma kabisa, nilikuja kumsindikiza mama wa kijana, ni jirani wa avenue yetu. Tangu siku ile ni wiki na wiki, na lile swali haliniachi. Nikiwa kwenye taksi-bisi linarudi, nikifungua bomba nyumbani linarudi.

Kesi yenyewe mtu wa Lubumbashi ataielewa kwa sentensi moja. Kijana ana miaka 19, aliingia usiku kwenye lupango, kiwanja cha mzee, akang'oa robine mbili za shaba na kipande cha kebo, asubuhi akaenda kuviuza kwa wale wanaonunua mitraye, vyuma chakavu, kwa kilo. Mji wetu umesimama juu ya shaba, na kila kitu chenye shaba ndani yake kinaota miguu usiku. Alikamatwa, alikubali, akalala kasho ya polisi, akapelekwa parke, ofisi ya waendesha mashtaka, akangoja, alafu ndio ile siku. Miezi minane, amandi, yaani faini, na gharama za mahakama. Asipolipa amandi inageuka siku nyingine za kukaa ndani.

Na mzee akarudi nyumbani bila robine.

Miezi minane ya nini?

Kinachonisumbua kwanza ni hii hesabu. Hakimu anasema miezi minane, grefie anaandika miezi minane, sisi wote tunatoka tukidhani tunajua kilichotolewa. Lakini hatujui. Karatasi inataja muda tu, haitaji kilichomo ndani ya ule muda.

Kasapa ilijengwa kwa watu 800. Septemba 2020, wakati fujo ilipolipuka kule ndani na moto ukawaka upande wa wanawake, walikuwemo watu karibu 2,000. Kwa siku tatu wanawake wafungwa walibakwa, makumi kadhaa, wengine mara nyingi, na utulivu haukurudi haraka. Kati ya wanawake wale wengi walikuwa wanangoja tu kesi zao. Hakuna hakimu aliyewahi kusoma kwa sauti, mbele ya watu, "nakuhukumu kwa hili."

Alafu Makala kule Kinshasa, usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba 2024, gereza lililojengwa kwa watu 1,500 likiwa na zaidi ya 12,000, serikali yenyewe ikatangaza vifo 129, wengine kwa risasi, wengi kwa kukanyagana na kukosa hewa. Alafu gereza la Munzenze, Goma, Januari 2025, siku mji ulipoanguka mikononi mwa waasi wa M23, maelfu wakavunja wakatoka, na upande wa wanawake ikawa ile ile habari tena, kubakwa na moto, na wengi wao hawakutoka hai. Ndugu zetu wa Goma hawana haja mi niwaelezee.

Mwizi wa robine mbili anapewa tikiti ya kuingia mahali pa namna hio, na kwenye hukumu hakuna hata neno moja juu ya hilo.

Nilienda na yule mama siku moja kupeleka chakula. Alipika bukari, ugali wetu, mapema, akaifunga kwa nailoni mara mbili isipoe, sombe na ndakala kidogo kwenye kaplastiki, na juu ya kifuniko aliandika jina la mtoto kwa biki, akalipitisha tena na tena mpaka wino ukashika. Kule ndani wanakula vungule, mahindi na maharagi yaliyochemshwa pamoja, siku inapopatikana. Njiani aliniambia, bila kuniangalia: "Mutoto aliiba juu ya njala, banamupeleka kwenye njala ingine, na ile njala ya pili njo minalipa mimi." Ye anauza mboga soko la Kenya, komini ya hapa Lubumbashi. Siku ya kwenda Kasapa hauzi. Kwa hio ile miezi minane imegawanywa, kijana anatumikia upande wake na mama anatumikia upande wake, na huyu mama hakuiba kitu cha mtu.

Kitabu kina milango

Nilidhani sheria yetu haina njia nyingine. Nikaanza kusoma, na kumbe njia ziko.

Kodi yetu ya makosa, kitabu cha sheria za jinai, ni dekreti ya tarehe 30 Januari 1940. Kipengele cha 80, wizi usio na nguvu wala vitisho: kifungo kisichozidi miaka mitano, na amandi, ambayo maandishi yake bado yanataja zaire, pesa tuliyoizika 1998. Alafu yanakuja maneno ambayo nilisoma mara mbili tatu: ama moja tu kati ya adhabu hizo. Maana yake hakimu anaweza kutoa amandi peke yake bila siku hata moja ya gereza. Iko mle.

Iko sursis pia, kipengele cha 42. Kama kifungo hakizidi mwaka mmoja na mtu hana hukumu nzito nyuma yake, hakimu anaweza kusema adhabu ipo lakini haitatekelezwa, nenda nyumbani, ukirudia ndani ya muda fulani utaitumikia. Miezi minane inaingia mle ndani vizuri kabisa.

Iko libération conditionnelle: ukimaliza robo ya kifungo, na uwe umeshazidi miezi mitatu ndani, unaweza kutolewa kwa masharti. Lakini anayetia saini ni waziri wa sheria, na waziri yuko Kinshasa, na karatasi ya kijana wa Katuba itembee kutoka hapa mpaka kule ikipita kwa mkuu wa gereza na kwa parke, na nani anaisukuma? Kwa mtu wa miezi minane, mpaka ifike, kifungo kimeisha.

Na juu ya vyote hivi, Katiba ya 2006, kipengele cha 17, inasema uhuru ndio kanuni, kufungwa ni jambo la pekee.

Sasa mbona sala nzima ile asubuhi sikusikia sursis hata mara moja?

Alichoniambia avoka

Nilimuuliza yaya mmoja, mkubwa wangu, ambaye ni avoka, wakili, mtu wa miaka mingi mahakamani. Nilitegemea aniambie mambo ya uvivu ama ya rushwa. Akaniambia kitu kingine, na hapo ndipo mawazo yangu yaligeuka.

Akasema: fikiria wewe ni hakimu. Mbele yako mwizi aliyekubali kosa, nyuma yake mwenye mali amekasirika, nje kuna watu wa kartye, wa mtaa. Ukimpa sursis anatoka kwa mlango ule ule na mwenye mali, siku ile ile, anapanda taksi kama wewe. Watu watasema nini? Watasema juji amekula. Hata kama hukuchukua franga moja, watasema, na mkaguzi anaweza kukuuliza. Lakini ukimfunga hakuna atakayekuuliza chochote maisha yako yote. "Kufunga hakuombi maelezo," ndivyo alivyosema.

Niliendelea kulifikiria hilo usiku. Tumezoea kusema rushwa inawatoa watu gerezani. Kumbe hata harufu ya rushwa, ile shaka tuliyonayo sote juu ya mahakama, inawaingiza watu gerezani. Hakimu mwaminifu anajilinda kwa mwili wa mtoto wa mtu. Na sisi wa nje, kwa kelele zetu, ndio tunamfundisha ajilinde hivyo.

Lakini tuwe wa kweli, wale wenye kelele hawakosei kabisa. Sursis ya kwetu ni nini? Mtu anaambiwa nenda. Hakuna anayemfuata, hakuna anayejua anakaa wapi, halipi kitu, hafanyi kitu, mwenye mali haoni kitu. Kati ya gereza lililojaa na "nenda nyumbani" hakuna kitu cha katikati. Na mzee wa robine angeulizwa achague kati ya hivyo viwili, kwa nini asichague gereza? Angalau gereza linaonekana.

Kinachokosekana ni hicho cha katikati.

Kazi, lakini kazi gani

Nchi nyingi wanacho. Zimbabwe walianza miaka ya 1990 mwanzoni, na 1997 pale Kadoma nchi za Afrika zikakutana zikatoa tamko juu ya kazi za jamii badala ya vifungo vifupi. Kenya wakaweka sheria yao 1998: kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka mitatu, hakimu anaweza kumpa mtu masaa ya kazi ya bure kwa faida ya watu wote, na kuna ofisa wa kumfuata, mwenye dosye yake. Tanzania 2002. Rwanda 2005 walianza kazi hizo kwa waliokiri mbele ya gacaca, mahakama za vijijini za mauaji ya 1994, na najua kutaja Rwanda kwetu siku hizi kunauma juu ya vita vya mashariki, lakini naandika kilichoko.

Kwetu, kipengele cha 5 cha kodi kinahesabu adhabu zote hakimu anazoweza kutoa. Kifo, kazi za kulazimishwa, kifungo, amandi, kunyang'anywa vitu, kukatazwa kukaa mahali, na nyinginezo. Kazi ya jamii haimo.

Nilipoanza kuwaambia watu hili wazo, wazee wawili walinikatiza kwa neno moja: salongo. Na walikuwa na haki. Waliokua wakati wa Mobutu wanakumbuka salongo, kazi ya lazima ya kila wiki, na ukikosa unakamatwa unatoa pesa. Nyuma ya salongo kuna babu zao waliolazimishwa na Mbelgiji, kimboko mgongoni. Ukimwambia mtu wa Katanga "adhabu ya kazi" anasikia historia nzima, na huwezi kumwambia asahau.

Alafu tunao mfano wa karibu zaidi, na huu ndio ulinipa shida kuliko yote. Kaniama-Kasese, kambi ya mashamba. Wengi wetu hapa tumekula ule unga. Vijana wanaoitwa kuluna, wa magenge ya mitaani, waliokamatwa Kinshasa walipelekwa kule na Service national, idara ya serikali, wakavaa sare, wakaitwa bâtisseurs, wajenzi, wakalima mahindi, na unga ulipopanda bei hapa Lubumbashi mahindi yao yakatufikia. Watu walifurahi, na mi naelewa kwa nini walifurahi. Kijana anafundishwa useremala, anaendesha trakta, sio kuoza kwenye chumba. Ukinilazimisha kuchagua kati ya Kaniama na Makala kwa mdogo wangu sitafikiria mara mbili.

Ila kuna swali moja: nani aliwahukumu? Wengi walichukuliwa barabarani, hakuna hakimu aliyesoma kosa, hakuna tarehe ya kumaliza, hakuna mahali pa kukata rufaa. Na mwenye kuumizwa na kuluna, yule aliyekatwa panga kule Kinshasa, Ngaba ama Selembao, alipata nini kwenye yale mahindi?

Hapo niliona tofauti ninayoitafuta. Kazi bila hukumu ni kumchukua mtu. Kazi yenye hukumu, masaa yamehesabiwa, tarehe ya mwisho imeandikwa, na wewe mwenyewe umekubali mbele ya hakimu badala ya kifungo, hicho ni kitu kingine kabisa. Kukubali ni lazima. Bila kukubali tunarudi kwa kimboko.

Pesa za waliodhulumiwa

Kila gereza likiwaka moto tunasikia jibu lile lile: tutajenga gereza kubwa zaidi. Baada ya Makala waziri wa sheria, Constant Mutamba, alitoa wafungwa wengi na akatangaza magereza mapya. Septemba 2025 huyohuyo akahukumiwa na Cour de cassation, mahakama ya juu ya Kinshasa, miaka mitatu ya kazi za kulazimishwa, juu ya karibu dola milioni 20 za kujenga gereza Kisangani. Ye alikana.

Mi sitaki kumzungumzia mtu, nataka tuangalie zile pesa zilitoka wapi. Zilitoka kwenye FRIVAO, mfuko wa fidia uliowekwa kwa watu waliodhulumiwa na vita vya Uganda ndani ya nchi yetu, fidia ambayo Mahakama ya La Haye iliamua 2022, dola milioni 325. Watu wa Kisangani waliopoteza miguu na watoto kwenye vita vya siku sita mwaka 2000.

Pesa za waliodhulumiwa zikaanza safari ya kuwa ukuta wa gereza.

Niliposoma hilo nilimkumbuka mzee na kofia yake. Ni mpango ule ule, mkubwa kwa mdogo. Mtu anadhulumiwa, serikali inakasirika kwa niaba yake, inatumia pesa kumfunga mwingine, na ye mwenyewe anaulizwa akae chini. Amandi ya kijana wetu, kama itakuja kulipwa, haiendi kwa mzee. Inaingia hazina.

Angekuwa na miaka 17

Kuna kitu kingine ambacho avoka alinionyesha na kikaniuma. Tunayo sheria ya ulinzi wa mtoto, Januari 2009. Mle kuna hakimu wa watoto, na kuna mediation: mtoto aliyekosa na aliyekosewa wanakaa pamoja na watu wa katikati wanatafuta namna ya kulipa na kurekebisha. Bunge letu liliandika hivyo, kwa Kifaransa kizuri, miaka mingi iliyopita.

Kijana wetu angezaliwa miaka miwili baadaye, mzee angeitwa mezani na kuulizwa: Papa, robine ni bei gani, unataka alipe namna gani?

Miaka 17 unakaa mezani. Miaka 19 unapelekwa Kasapa. Robine ni zile zile.

Kwa hio wasiniambie haiwezekani kwetu. Tumeshaiandika, tumeifunga tu kwa umri.

Na sizungumzii wote. Aliyebaka, aliyeua, aliyekata mtu panga, hao si wa makala hii, na sitaki mtu asome akafikiri nawatafutia njia ya kutoka. Nazungumzia wizi mdogo, deni, matusi, ugomvi wa mipaka ya lupango, kuku aliyepotea, vitu ambavyo vinajaza sala za tripe, mahakama ndogo za amani, kila wiki. Kuna jambo moja bado sina jibu lake. Hapa mwizi akikamatwa usiku mara nyingine hafiki hata kwa OPJ, polisi wa upelelezi, wanamchoma barabarani. Kama watu hao wakimwona mwizi anafagia soko badala ya kuwa Kasapa, je watachoma zaidi? Wengine wananiambia ndio. Mi nadhani wanachoma kwa sababu wanajua mahakama haitawarudishia kitu, na kama ingewarudishia kitu wengine wangeanza kungoja. Lakini nadhani tu. Siwezi kukuapia.

Nilienda kwa chefu wa kartye

Nilitaka kujua kama kuna mtu angekubali kuwapokea, kwa sababu sheria bila mtu wa kushika kitabu cha masaa ni karatasi tu. Kenya wana maofisa wa probation, wanalipwa. Sisi nani? Polisi? Mzee mmoja alisema polisi, watu wote waliokuwa pale wakakataa kwa pamoja.

Chefu wa kartye yetu ni mtu wa maneno machache. Tulikaa kwake kwenye baraza, mtaro mbele yake ulikuwa umejaa mafichupa ya plastiki na matope, na mvua za mwezi wa 11 zilikuwa zinakaribia, kila mwaka maji yanaingia kwenye nyumba nne za chini. Nikamweleza yote, robine, mzee, kijana, masaa. Nikamuuliza kama mahakama ingemletea mtu kama huyu, siku mbili kwa wiki afanye kazi hapa, siku nyingine atafute pesa ya kumlipa mzee, angempokea?

Akafikiri.

"Pesa ya robine isipite kwangu," akasema. "Ipite kwa grefe, muzee atie saini kule. Mi pesa sishike. Na bakuye na karatasi ya juji, kuandikwe masaa ngapi na inaisha lini, na kukuwe mutu ingine wa kuhesabu pamoya na mimi, nisihesabu peke yangu. Vile, ntamupokea ata kesho. Bila karatasi, hapana. Batasema nilijitafutia boyi wa bure."